Mhakiki wa Mlingoti wa Bwera

Jumatatu, 8 Septemba

Dakika zangu zimekatwa kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi! Mweupe, pembe moja, amepotea kutoka Mpondwe. Nilikuwa katikati ya hoja nzito kuhusu wapelelezi walevi. Siraj akanigusa bega, akachukua maikrofoni, akamtangaza mbuzi kwa Kiswahili, kwa Lhukonzo na kwa Luganda. Aliponirudishia, muda ulikuwa umekwisha. Mbuzi alipatikana kabla ya chai. Hoja yangu haijapatikana mpaka sasa.

Niandike mambo yalivyo, ili wajukuu waje kujua. Siraj ana kibanda cha kinyozi karibu na soko la Bwera, na humo humo watu huchaji simu. Juu ya paa amesimamisha mlingoti wa chuma wenye vipaza sauti vinne, ambavyo watu wa hapa huviita kizindalo. Kila asubuhi mji mzima husikia nani amekufa, nani amepotelewa na nini, nani anauza nini. Baada ya hapo, tangu mwezi uliopita, husikia mimi. Ojara, mhakiki wa vitabu. Hakuna mhakiki mwingine ambaye wasikilizaji wake hawawezi kumzima.

Kwangu hii si kazi ya kupoteza muda. Nimemfuata mke wangu, Koplo Lanyero wa polisi, kambi baada ya kambi, kokote walikompeleka. Kambi zote jina langu ni moja: bwana wa Koplo. Mwezi huu, kwa mara ya kwanza, mwuza nyanya ameniita Ojara. Nilikaribia kulia. Nikanunua nyanya zake zote, hata zilizooza.

Sasa Siraj ameleta balaa. Nusu ya siku zangu amempa Madamu Sylvie Kahambu, mwuza vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Mwisho wa mwezi atabaki mmoja tu, yule anayesikilizwa zaidi. Na Lanyero amesema wazi, mkono ukiwa bado kwenye ugali: nikibaki mimi, basi nina kazi, tutakaa pamoja. Nikitolewa, naenda Hima kwa dada yake, Lamunu, kubeba mifuko ya simenti dukani kwake. Lamunu! Mwanamke ambaye akinisalimu hutazama viatu vyangu.

Jumanne, 9 Septemba

Zamu ya Sylvie. Nimesikiliza nikiwa na kalamu mkononi, kama mhakiki anavyopaswa. Anasimulia maisha ya mwigizaji wa filamu aitwaye Mireille, kutoka kitabu kinene cha Kifaransa. Sijawahi kumsikia huyo Mireille. Hakuna mtu Bwera aliyewahi kumsikia. Lakini wanawake wa soko waliacha kupima maharage.

Maoni yangu kuhusu vitabu vya maisha ya waigizaji nimeyasema hewani na nitayasema tena. Vyote ni kitabu kimoja. Sura ya kwanza, umaskini, na bibi mwema anayekoroga supu. Sura ya pili, mwanamume mwenye gari anamwona msichana akivuka barabara, anamwambia: wewe una uso. Kwani sisi wengine tuna nini? Kisha mume mbaya. Kisha mume mbaya zaidi. Katikati picha, ili msomaji apumzike kusoma. Kisha chupa. Kisha Mungu. Ukurasa wa mwisho anamshukuru msusi wake. Na hata mstari mmoja hakuandika yeye. Ameajiri mtu amwandikie kwamba tangu utotoni anapenda kujifanyia kila kitu mwenyewe.

Basi mama huyu anashika maikrofoni na kusema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza mteja: "Bamama, ile siku Mireille alilala njaa, lakini alipaka rangi ku mudomo. Juu mutu anaweza kukosa chakula, lakini uso hawezi kukosa." Mwuza maharage akakijibu kizindalo kwa sauti: kweli! Mimi hakuna aliyewahi kunijibu, isipokuwa mchungaji mmoja aliyeniomba nipunguze damu.

Lanyero amerudi kazini akiimba. Nimemuuliza kuna nini. Amesema anangoja kujua kama Mireille atamwacha yule mume wa pili. Usaliti, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na kwa sare ya serikali!

Jumatano, 10 Septemba

Mpango umepatikana. Rahisi, safi. Nitatafuta kitabu kile kile, nisome mwisho wake, niutangaze kabla yake. Nani atamsikiliza mtu ambaye mwisho wake unajulikana?

Nimekwenda Kasese asubuhi. Kuna mwanamke anaitwa Night, anauza vitabu vya mitumba kwenye turubai karibu na stendi. Vitabu vya Kifaransa hakuna anayevitaka, kwa hiyo vinakaa chini kabisa, vinazuia turubai isipeperuke. Tukafukua. Kitabu kipo! Mireille mwenyewe kwenye jalada, anatabasamu kwa meno yote. Nimekibadilisha na riwaya zangu mbili ambazo muuaji ni mtunza bustani. Siku hizi kila muuaji ni mtunza bustani. Uvivu mtupu.

Night akaniuliza kama najua Kifaransa. Nikamwambia mhakiki wa kweli hasomi lugha, anasoma kitabu. Alinitazama kwa muda, nadhani kwa heshima.

Nyumbani nimefunua picha. Hadithi yote imo. Mireille mtoto, na bibi, na sufuria. Nilisema! Mireille na mume wa kwanza, sharubu. Mireille na wa pili, hana sharubu lakini ana mbwa. Na picha ya mwisho kabisa, ndani ya kanisa: Mireille ana gauni jeupe, amepiga magoti, maua kila upande, na mbele yake mzee mwenye joho refu, kofia ndogo utosini na pete kubwa kidoleni. Mume wa tatu! Mzee, tajiri, tajiri wa Ulaya kabisa. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemmaliza.

Nilisema yote. Kwamba Mireille wao, mpenzi wao, alimwacha mume wa pili na kuolewa na mzee kwa ajili ya mali. Nilieleza kofia. Nilieleza pete. Niliuliza, kwa uchungu wa kutengeneza, mzee kama yule ana faida gani ya usiku. Kisha nikawatakia siku njema.

Soko lilinyamaza. Hata wachuuzi wa samaki. Kimya cha namna ile huwezi kukinunua. Siraj alisimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja, akanitazama. Nadhani anafikiria kuniajiri kabla ya mwezi kwisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya soko. Mji umejaa watu wa kutoka ng'ambo, Beni na Butembo, Wakatoliki karibu wote. Na siku hii hii, Sylvie amepewa maikrofoni.

Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Ule muzee wa kofia si bwana yake. Ule iko askofu. Alikuwa anamubariki, juu Mireille alirudi mu kanisa." Kisha akangoja, ili neno liingie masikioni mwa watu wote. Wala hakunitaja. Hiyo ndiyo hila yake, kujifanya hana hila.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwoza askofu. Hewani. Na nikauliza habari za usiku wake.

Kabla ya saa sita akina mama wa kanisa walikuwa kwenye lango la kambi, na katekista Kasereka mbele, amevaa rozari juu ya koti. Walitaka niwaeleze ni sakramenti gani hiyo. Aliyekuwa langoni ni Koplo Lanyero. Aliwasikiliza wote, akawaomba radhi kwa niaba ya familia, akawarudisha kwa adabu. Kisha akanigeukia. "Wewe! Umeoza askofu? Hapana jibu! Ingia ndani!" Huwa anatumia sauti hiyo kwa wezi wa kuku.

Siraj amenilazimisha kuomba msamaha hewani. Amesema malalamiko mengine kama hayo yakija, hangoji mwisho wa mwezi. "Mimi nataka watu nasikiliza," alisema, "hapana taka watu nakuja na rozari."

Kosa ni la picha. Picha nzuri hujieleza yenyewe. Na askofu gani huyo anayekubali kupigwa picha na mwigizaji?

Jumapili, 14 Septemba

Lanyero ameenda kusali, kuomba msamaha wangu, anasema. Nimebaki na riwaya zangu za mauaji, niwe mkweli kwa nafsi yangu na kwa kazi yangu.

Hata hizi, nyingi ni takataka. Mpelelezi lazima awe ameachwa na mke. Lazima anywe. Lazima simu imwamshe na akute mvua nje. Lanyero ni polisi miaka yote hii, hanywi, hajaachwa, na kesi zake nyingi ni mihogo ya mtu iliyoliwa na ng'ombe wa mtu mwingine. Muuaji lazima awe mtu mpole ambaye hakuna anayemdhania, kwa hiyo mimi tangu ukurasa wa kwanza namtafuta mpole, nikimpata nalala. Na mwishoni mpelelezi huwakusanya washukiwa wote chumbani, awaeleze. Nao wanakuja! Wote, kwa wakati! Hapa ukiita mkutano inakuja nusu, imechelewa, inauliza soda iko wapi.

Lakini ninayo moja iliyo bora, niliyoitunza kwa siku kubwa. Mji mdogo wa baridi. Watu wanakufa mmoja mmoja baada ya chai ya asubuhi. Mwalimu, fundi cherehani, mke wa hakimu. Kila mtu anamshuku daktari. Hakuna, hata mimi, aliyemtazama mwoka mikate. Mpole, mnene, anasalimu watoto. Sumu imo kwenye unga! Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama kitandani.

Hii ndiyo itakayoniokoa na Hima. Kilichobaki ni namna ya kuisema.

Jumatatu, 15 Septemba

Mireille amekufa. Ukurasa wa mwisho, zamu ya Sylvie, mara tu baada ya matangazo ya misiba. Alisoma kwa upole: Mireille ametutoka, amelala akiwa ameshika mkono wa dada yake. Akafunga kitabu. Basi.

Sasa, wapo waliochelewa kufungua masikio. Hao walisikia tu kwamba kuna Mireille, ametutoka, na Madamu Sylvie analia. Kufika saa nne wanawake walikuwa uani kwa Siraj na kuni kichwani. Wengine unga. Mmoja kuku. Kikundi kizima kiliteremka kutoka vijiji vya mlimani, vitenge vimefungwa kiunoni, kikauliza mwili uko wapi. Sylvie akawaeleza bila kuficha: ni mwigizaji wa filamu, alifia Ulaya, zamani sana. Walitazamana. Mkubwa wao akasema aliyekufa ni aliyekufa, na safari ya kuteremka mlima wameshaifanya. Wakaketi. Wakasonga bundu, ule ugali wao wa muhogo. Wakaimba. Katekista Kasereka akaja kusali. Na jioni nani namwona akiingia na mzigo wa kuni, kwa sare kamili? Koplo Lanyero, mke wangu, wa ndoa!

Watu wazima, wanamlilia mtu wa kwenye jalada! Nilisimama pembeni nikiwadharau. Nilikula kidogo, kwa ajili ya utafiti. Kuku alikuwa mzuri.

Siraj alikuwa anang'aa. Ua limejaa, kila tundu la umeme lina simu. Aliniuliza kama na mimi nina mtu wa kufa. Ndipo nikaelewa. Nikaacha hata kutafuna. Siri yote ya Sylvie ni hii: watu wa mji huu hawasikii kitabu, wanasikia tangazo. Ukianza na "leo nitawazungumzia riwaya", wamekwisha kwenda zao. Ukianza na maiti, wanabaki.

Nikamjibu Siraj kwamba ninao watatu.

Jumanne, 16 Septemba

Naandika nikiwa nyuma ya kaunta ya kituo cha polisi, upande wasiokaa polisi, wa mahabusu.

Nieleze kwa utaratibu, maana ufundi ulikuwepo, hilo hakuna atakayeniondolea. Siku ya soko tena, maana hapa soko kubwa ni Jumanne na Ijumaa. Watu mpaka barabarani. Nilishika maikrofoni nikasema: tangazo, tangazo, watu wa mji, kuna msiba juu ya msiba! Sikutaja kitabu. Hilo nililiwekea mwisho kabisa, sentensi moja ya kufunga: hayo yote, ndugu zangu, yamo katika riwaya bora niliyoisoma. Wangeshtuka, wangecheka, wangepiga makofi.

Nikasema mwalimu amekunywa chai, amekufa. Soko likasimama. Nikasema fundi cherehani amekunywa chai, amekufa. Boda wakazima pikipiki. Sijawahi kusikilizwa namna ile maishani mwangu. Ningeweza kuwaambia wakae chini, wangekaa. Kwa hiyo nilivuta. Nilinyamaza. Nilipumua ndani ya maikrofoni. Mke wa hakimu nilimuua polepole kuliko kitabu kilivyomuua. Siraj, ambaye alikuwa ananyoa mtu, alinionyesha saa ya ukutani. Nikapuuza. Akaionyesha tena. Basi nikasema kwa nguvu zangu zote: muuaji si daktari! Muuaji ni mwoka mikate! Sumu imo ndani ya mkate!

Ilibaki sentensi moja. Moja tu! Lakini tangazo la kulipiwa ni la kulipiwa, na Siraj huwa hasikilizi tunachosema, anatazama saa. Akanyoosha mkono, akabonyeza mashine. Na vipaza sauti vyote vinne vikaimba: "Mikate ya Mugisha! Milaini, ya moto! Watoto wamekula? Baba amekula? Ukionja mara moja, hutataka kingine tena!"

Mwanzoni nilidhani wanakimbilia kunipongeza.

Mikate iliruka mitaroni. Mama mmoja wa Kisinga alimtia mwanawe kidole kooni pale pale. Watu walipanga foleni zahanati wakishika matumbo, wazima kabisa, wakidai maziwa. Na kundi kubwa likaenda kwa Mugisha. Yule Mugisha, mnene, mpole, anayesalimu watoto. Kwa kweli anafanana sana na wa kwenye kitabu, hilo niliweza kuliona hata wakati ule. Alijifungia ndani na wafanyakazi wake, akapiga simu polisi.

Zamu ilikuwa ya nani? Lanyero alifika akiwa na askari mmoja tu. Alisimama kwenye mlango wa Mugisha, mikono mitupu, mbele ya watu wenye mawe, mpaka wenzake walipotokea. Kisha alikuja kwa Siraj. Nilimwambia tangazo lilinikatiza. Hakunijibu kama mke. Alifungua kitabu cha maelezo, akauliza: "Jina kamili." Nikasema Lanyero, ni mimi. "Jina kamili!"

Ojara Jimmy, afande.

Jumatano, 17 Septemba

Kesi imeisha uani mwa kituo, chini ya mwenyekiti wa kijiji. Mugisha ni mwema kiasi cha kuchosha. Alikubali kunisamehe kwa sharti moja: nisimame chini ya mlingoti, mbele ya soko, nile mikate yake mpaka watu waamini. Na watu waelezwe kwamba ilikuwa hadithi.

Nikajitolea kueleza mwenyewe. Wote walisema hapana kwa pamoja, hata mahabusu mmoja ambaye hakuulizwa. Wakamwita Sylvie.

Alikuja na kitenge chake cha njano, akachukua maikrofoni, akasema: "Batu ya Mungu, muskilize. Ile mukate iko muzuri, ile kifo iko ya mu kitabu. Na huyu mubaba hana roho mubaya. Anapenda tu bamusikie. Nani hapendi?"

Watu wakacheka. Hawakunizomea. Walicheka kwa huruma, kama wanavyomcheka mtoto aliyeanguka. Iliniuma. Kulala nyuma ya kaunta hakukuniuma, kicheko hiki kiliniuma. Kidogo nimshukuru. Halafu nikakumbuka kwamba ni yeye aliyeleta huyo Mireille, nikaacha.

Nikala. Mkate mkavu, bila chai, jua la mchana. Wakinitazama kooni kila nikimeza. Nilipomaliza wa pili na sijafa, mama wa Kisinga akanunua mmoja. Kisha wote. Kufika jioni hakuna mkate uliobaki Bwera nzima, na Mugisha akanikumbatia, amejaa unga. Nilimkumbusha kwamba mauzo hayo yameletwa na uhakiki wangu, na kwamba jina langu lingependeza kwenye karatasi ya kufungia mikate. Akaacha kunikumbatia.

Siraj hakungoja mwisho wa mwezi. Asubuhi zote ni za Sylvie. Anaanza kitabu kipya, mwigizaji mwingine. Bila shaka kuna bibi na supu.

Jumamosi, 20 Septemba

Lanyero amenifungia begi. Amekunja mashati yangu vizuri, vile anavyokunja sare. Nilitegemea kelele, nilikuwa na majibu tayari. Hakupiga kelele.

Alisema siku ile mlangoni kwa Mugisha aliogopa. Kijana mmoja alikuwa na jiwe, mkono juu, na yeye alikuwa anafikiria kitu kimoja tu, kwamba akianguka pale, kosa litakuwa la bwana wake mwenyewe. Alisema amechoka kuomba radhi langoni. Alisema anataka bwana wa kurudi naye nyumbani, akae, wazungumze. Macho yake yalikuwa mekundu. Sijamwona hivyo tangu tulipomzika mama yake.

Nilimpenda sana wakati ule. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nikamwambia kwamba katika riwaya iliyoandikwa vizuri, polisi haogopi.

Alifunga zipu kwa nguvu mpaka ikakatika. Kisha akatafuta kamba, akalifunga begi kwa kamba, akanisindikiza mpaka kwenye gari la Hima. Akanishika mkono. "Huko kwa Lamunu, nakuomba," alisema, "nyamaza."

Nimemwahidi. Kwa kweli nimekusudia.

Jumatatu, 29 Septemba. Hima

Simenti. Ndani ya masikio, ndani ya chai, ndani ya kurasa hizi. Lamunu hunipa amri kwa kidevu. Wateja huniita "wewe wa dada". Sijasema neno la maana tangu nifike.

Lakini nimegundua kitu. Madereva wa malori hukaa hapa mbele ya duka saa nyingi, wakingoja mzigo, hawana la kufanya. Wanaume wazima, wametembea dunia, masikio wazi! Na mimi ninayo riwaya nyingine kichwani, nzuri mno, ya mfanyabiashara anayezika wadeni wake chini ya sakafu. Kunyamaza nimeahidi, ndiyo. Lakini ahadi ilihusu vipaza sauti. Kizindalo hapa hakuna. Ni mdomo tu.

Nimeanza Ijumaa. Safari hii nimetumia akili. Nimeona kosa la Bwera lilikuwa mji wa mbali, baridi, mke wa hakimu, vitu ambavyo mtu wa hapa havimgusi. Kwa hiyo nimevileta karibu. Mfanyabiashara nimemfanya mwanamke. Nimemfanya auze simenti. Sakafu nimeifanya ya stoo, hii hii, nikawaonyesha kona ambapo imepasuka. Naisema kwa sauti ya chini, nikitazama nyuma, kama mtu anayeogopa tajiri wake. Na jina la kitabu sijataja. Nimeliweka kwa ajili ya mwisho, ili warudi.

Wamerudi! Leo walikuwa mara mbili ya Ijumaa. Hakuna aliyekohoa. Dereva mmoja kutoka Mbarara aliniuliza taratibu kama niko tayari kuyarudia haya mbele ya watu wengine. Nikamwambia popote, wakati wowote. Akaniuliza majina yangu yote, nikamtajia herufi kwa herufi. Akatoka nje kupiga simu. Mwanamume huyu hanijui, hamjui Koplo yeyote, na anawapigia watu kuwaambia habari zangu.

Naandika haraka. Gari limesimama nje. Askari wawili wameshuka, na wafanyakazi wawili wenye sururu na koleo, sijui wa nini, labda kuna barabara inachimbwa. Afisa mwenye kofia ameuliza mlangoni, kwa sauti ambayo mtaa wote umesikia: Ojara Jimmy ni nani hapa? Lamunu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Wivu. Nimejipangusa simenti usoni na kuchana nywele, natoka kuwasalimu.